Nilitumwa Moshi Nikajifunze Kuhesabu Watoto

Kila mmoja wenu ameniuliza kwa wakati wake, mwingine nikiwa na mtungi kichwani, mwingine nikiwa na kiazi mdomoni. Nimechoka kuisimulia safari hii vipande vipande. Nimeiandika yote, na anayejua kusoma awasomee wenzake. Mambo ya vibali na tiketi nimeyaruka, maana yalishughulikiwa na memsahib, yule Mzungu mwenye shamba, na hayana utamu wowote.

Ruiru: sababu ya kutoka

Kwa wale walio mbali, mimi ndiye ninayekaa na watoto wa wachumaji wa kahawa, katika banda la mabati nyuma ya kiwanda. Mama zao wakiingia shambani na madebe asubuhi, wananiachia. Jioni wanakuja kuwachukua.

Siku moja Kamau wa Njeri alipotea. Tulimtafuta mtoni na kwenye mitaro mpaka jua likawa jekundu, kumbe amelala stoo katikati ya magunia, mdomo wazi. Nyapara wetu, Wekesa, yule mtu wa kutoka magharibi anayesali kwa sauti kubwa, akatoa amri watoto wahesabiwe asubuhi na jioni.

Nilikataa. Kwetu watoto hawahesabiwi. Mtoto anatajwa kwa jina au mtu ananyamaza. Ukiwanyoshea kidole ukiwapanga kwa hesabu, umeliita baya lije lichague. Nimebatizwa, na hili bado nalishika.

Wekesa akacheka, akaniita cucu, yaani bibi, kama watoto wanavyoniita. "Cucu, mimi nina watoto saba, nimewahesabu tangu wa kwanza, na wote wanakula ugali."

Nilimwambia asiseme hiyo hesabu mbele yangu, maana watoto wake sina ugomvi nao.

Neno likafika kwa memsahib. Yeye si mtu mbaya, ila ana haraka. Alisema kuna msichana Nairobi aliyesoma, anajua kuhesabu, anaweza kuja wakati wowote. Nikaelewa. Chumba changu katika laini, zile nyumba za wafanyakazi, kinafuata kazi. Kazi ikienda, chumba kinaenda.

Na chumba kile ndimo binti yangu Nyambura alimotolewa, alipochukuliwa na serikali wakati huu wa emajensi, watu wa kabila letu wanapokamatwa ovyo. Alipandishwa kwenye lori nami nikamwambia kwa sauti, ili wote wasikie, kwamba atatukuta hapo hapo, mimi na mtoto wake. Sikuwa na kitu kingine cha kumpa. Sasa fikirini aachiliwe, aje Ruiru, agonge, afunguliwe na msichana wa Nairobi.

Kwa hiyo memsahib aliposema ana rafiki Moshi, kule Tanganyika, kwenye shule ya watoto wadogo iliyo na vitabu vya ng'ambo, na kwamba niende nikaone watu wanavyolea watoto kisasa kisha nirudi nihesabu, sikubishana. Nilisema nitakwenda. Kwamba nitahesabu, hilo sikulisema.

Thika: nilipomwacha Wanjiku

Mjukuu wangu ana jina langu, Wanjiku, na kichwa chake ni kigumu kama changu. Nilimpeleka Thika kwa dada yangu Wambui, upande wa Kiganjo. Njia nzima alikuwa ameshika punje ya kahawa aliyookota kiwandani. Tangu mama yake aondoke hashiki kitu akakiacha.

Wambui alinikaripia mbele ya majirani. Akauliza kama Ruiru hakuna watoto wa kutazama, mpaka mwanamke mwenye meno yaliyobaki machache apande gari la moshi kwenda kuwatazama wa watu wengine. Nilimwambia anipe chai.

Wakati wa kuaga, Wanjiku hakulia. Alishika pindo la leso yangu, pale ninapofunga mahindi ya kukaanga ya kumpa, akafungua fundo, akatia ile punje yake ya kahawa, akafunga tena kwa vidole vyake.

"Ukisikia njaa," akasema.

Nilitembea mpaka stesheni bila kugeuka. Mtu akiniuliza uchungu ni nini, nitamwambia ni kutembea hivyo barabarani Thika, jua likiwaka, na watu wakikusalimia habari nawe ukijibu mzuri.

Thika hadi Nairobi, nikipita kwangu

Hili sikuwa nimelifikiria. Gari la Thika linapita Ruiru. Lilisimama pale stesheni yetu, nami nimeketi dirishani. Niliona kilima chetu, nikaona mabati ya kiwanda yanang'aa. Wanawake walikuwa wakipakia ndizi. Nikamwona Njeri, mama ya Kamau, amebeba kuni, amepita karibu kabisa. Nikamwita. Gari likapiga honi wakati huo huo na hakusikia. Aliendelea na kuni zake.

Ni jambo la ajabu kupita kwenu ukiwa mgeni. Mashamba ya kahawa yalipita, kisha ya mkonge, kisha sijui nini.

Nairobi sina la kusema. Nilikula mkate mkavu nikiwa nimesimama. Askari aliniangalia usoni, akaangalia karatasi zangu, akaniangalia tena kama mtu anayetafuta kosa la kushona.

Voi: kungoja

Usiku wa gari la Mombasa nauruka. Benchi ni la mbao na mgongo wangu ni wa mifupa. Niliyekaa naye alikuwa na mtoto mchanga, nikamchezea mtoto kidole mpaka akacheka. Mama yake akaniuliza mimi ni mtu wa wapi. Nilipomwambia, alimhamishia mtoto bega la pili. Hakuwa na neno baya. Alimhamisha tu.

Voi tulishuka alfajiri kungoja gari la kwenda Moshi. Tukaambiwa linakuja. Jua likatoka, likapanda. Gari linakuja. Joto la Voi linakaa juu yako kama mtu mzito. Kivuli kilikuwa kimoja, cha ghala, nacho kilikuwa kinatembea, nasi tunakifuata pamoja na mizigo yetu, kama kuku.

Mama mmoja Mtaita aliyekuwa anauza mihogo ya kuchemsha alinionea huruma. Akanipa kipande, akakaa kando yangu.

"Una watoto wangapi, mama?"

Hapo ndipo safari yangu yote ilipokuwa, kwenye swali hilo, na mtu wa watu aliliuliza kwa wema. Nikamjibu kama tunavyojibu sisi. Nikamtajia. Nikasema nina Kariuki aliye Nakuru, nina Muthoni aliyeolewa Murang'a, nina Nyambura. Nikasimama hapo.

"Huyo Nyambura yuko wapi?"

Nikatafuna muhogo. Mama wa Voi akangoja, akaona jibu haliji, akafikiri namficha jambo. Akaokota beseni lake akaenda kwa wengine. Mpaka leo nadhani ananisimulia kwao kama mwanamke asiyejua watoto wake.

Gari lilikuja kivuli kikiwa kimehamia upande wa pili.

Kuelekea Moshi

Nchi ile ni kavu, nyekundu, miiba mitupu. Karibu na Taveta kukaanza kuwa kijani. Halafu mawingu yakafunguka nikaona mlima wenye theluji, na moyo wangu ukaruka, nikaweka mkono kifuani. Nilikuwa nimeshaanza kusema neno la kusali. Kisha nikautazama vizuri. Kirinyaga yetu, mlima tunaouelekea tukisali, ina ncha, imechongoka. Huu ulikuwa na kichwa cha mviringo, kama mtu aliyenyolewa. Ni mlima mzuri, sikatai, lakini si wetu, na haukunijua. Niliona haya kama mtu aliyemkimbilia mgeni barabarani akidhani ni ndugu yake.

Stesheni ya Moshi alinipokea Mwalimu Ndeshi wa shule ile, mama mwembamba mwenye viatu vya kamba. Kiswahili chake kilikuwa kimepigwa pasi. Changu ni cha shambani, kimekunjamana. Akasema, "Karibu sana, bibi, pole kwa safari," nikasema, "Mimi nimefika."

Nyumbani kwake mama mkwe wake alinipa kata ya kitu kizito, rangi ya udongo, kichachu, na punje za wimbi zikielea juu. Nikafurahi kweli. Hapa ndipo wanapofanana nasi, nikawaza, wanachachusha uji kama sisi. Nikamaliza kata. Nikaomba nyingine. Yule mama alifurahi sana akaniongezea. Nilipofika nusu ya kata ya tatu niliona masikio yangu yana joto, na nikajikuta ninawaimbia wimbo wa kanisani, ubeti mmoja tu, ninaurudia.

Ndeshi aliniuliza kwa upole kama kanisani kwetu tunaruhusiwa mbege.

"Mbege ni nini?"

"Ndiyo hiyo, bibi. Pombe ya ndizi."

Mimi niliyewahi kumtoa mwanamume kanisani kwa kunuka pombe. Mama mkwe alicheka mpaka akashika ukuta, nami nikacheka, kisha nikaenda kulala nikiwa na upweke wa mtu ambaye angetaka kumsimulia mtu fulani jambo hilo na mtu huyo hayupo. Nyambura angecheka wiki nzima.

Moshi: sinia

Asubuhi watoto walijipanga mbele yangu, wakainama, wakasema shikamoo. Nikawajibu mzuri. Hawakunyanyuka. Nikasema mzuri tena, kwa sauti zaidi. Wakabaki wameinama kama majani yaliyonyeshewa, mpaka Ndeshi akaninong'oneza kwamba niseme marahaba. Nilipoisema walinyanyuka wote mara moja wakakimbia. Hili nimelileta Ruiru. Watoto wetu wameanza, na Wekesa analipenda sana maana anadhani limeletwa kwa ajili yake.

Sasa nawaambia nilichoona. Mlangoni, juu ya kigogo, kulikuwa na sinia la bati. Kila mtoto akifika alitia kitu chake: mmoja kizibo cha chupa, mmoja jiwe jeupe, mmoja kokwa la parachichi, mmoja mfupa mdogo wa kuku uliosafishwa. Kisha akaenda kucheza. Jioni aliyekuja kuchukuliwa alitoa kitu chake kwanza, akakitia mfukoni, akaenda. Nilikaa siku nzima nikingojea Ndeshi ahesabu. Hakuhesabu.

Nikamuuliza utahesabu saa ngapi.

"Sihesabu, bibi. Sinia likiwa tupu nafunga mlango. Lisipokuwa tupu sifungi."

Niliketi kando ya kile kigogo. Ndeshi akauliza kama naumwa. Nikasema ni vumbi.

Akaniletea kitabu cha ng'ambo, kile memsahib alichokuwa anakisifu. Kilikuwa na picha za watoto wa Ulaya waliovaa makoti, ndani ya chumba chenye jiko la chuma. Ukutani kulikuwa na misumari ya mbao, na juu ya kila msumari picha yake: ndege, mwavuli, tunda jekundu. Mtoto asiyejua herufi anaijua picha yake, anatundika koti lake hapo. Koti likibaki, mtoto bado yupo. Picha zile zilitumwa Moshi ndani ya sanduku, na Ndeshi alikuwa amezibandika zote ukutani, vile vile kama kitabuni.

"Ikawaje?" nikamuuliza.

"Ikawa vita. Wote walitaka ndege. Na kuna picha moja ya mtu aliyetengenezwa kwa theluji, pua yake karoti. Mtoto aliyepewa hiyo alilia siku tatu, wenzake wakasema amepewa mzimu. Na makoti ya kutundika hatuna."

Basi akazibandua. Alisema alirudi kukitazama kile kitabu mara nyingi, akijiuliza hawa watu wanafanya nini hasa. Akaona kwamba si picha wala si koti. Ni kwamba kila mtoto ana mahali panapojua kama amekuja na kama ameondoka. Hilo akalichukua, na sanduku akalirudisha kabatini. Ila akaniambia bila kitabu kile asingelifikiria kamwe, na mimi nawaambia vivyo hivyo, msije mkasema cucu amerudi anadharau vitabu.

Asubuhi ya pili msichana mmoja, Elinami, mwenye pengo la meno, alisimama mlangoni akanitazama.

"Bibi hajaweka kitu."

Wote wakageuka. Nikasema mimi ni mgeni. Elinami akasema hata mgeni yupo. Nikapapasa leso, nikakuta fundo, nikalifungua, nikatoa punje ya Wanjiku. Wakacheka.

"Hiyo ni kahawa tu. Kwetu ziko nyingi."

"Hii ni ya Ruiru," nikasema.

"Ruiru ni wapi?"

Nikanyosha mkono kuonyesha. Sikuwa na hakika naonyesha upande wenyewe. Nikaitia kwenye sinia, na tangu Thika ilikuwa mara ya kwanza kuwa mtu aliyeko mahali.

Kurudi

Siku ya kuondoka lori la kunipeleka stesheni lilikuja mapema, dereva anapiga kelele, Ndeshi ananitilia ndizi kwenye kikapu, mama mkwe ananiuliza kama nachukua na kibuyu cha uji. Nilipanda mbio. Tulipofika Taveta nilishika pindo la leso kwa mazoea. Fundo lilikuwa tupu.

Punje niliyoitia asubuhi ile imebaki kwenye sinia. Kule Moshi mimi bado sijaenda nyumbani. Nilimfikiria Ndeshi jioni ile, ameshika ufunguo, anaitazama.

Voi nilimtafuta mama wa mihogo ili nimjibu vizuri. Hakuwepo.

Thika nilimkuta Wanjiku nyuma ya sketi ya Wambui. Alikuwa anamwita Wambui cucu. Nilimwita, akajificha. Wambui akaanza kumsukuma mbele, nikamwambia amwache. Niliketi chini uani, nikanyosha miguu, nikamenya ndizi ya Moshi, nikala. Sikumtazama. Ilikuwa kazi ngumu kuliko safari yote.

Baada ya muda nikahisi pindo langu linavutwa. Alikuwa analifungua lile fundo.

"Hakuna kitu," akasema. "Uliila?"

"Sikuila. Niliiacha kwa watu. Wanaingoja niichukue."

Akafikiri. Kisha akakaa juu ya miguu yangu, mzito kama gunia la mvua.

Ruiru tena

Nilichukua beseni langu la bati lenye kutu pembeni, nikaliweka mlangoni mwa banda. Niliwaambia watoto kila mmoja alete kitu chake. Wanjiku alichagua kizibo cha soda. Kamau wa Njeri alileta kipande cha kibuyu.

Wekesa alikuja na memsahib. Akachungulia beseni. "Cucu amepanda treni mpaka Tanganyika kujifunza kuokota takataka."

Memsahib aliniuliza watoto ni wangapi. Nikamjibu kwamba jioni akija atajua kama wote wamekwenda. Akasema sawa, atakuja. Uso wake haukuniambia kitu. Siku ile sikula. Nilikitazama chumba changu kwa mbali nikaona mlango wake, nikafikiria mkono wa Nyambura ukigonga.

Jioni walikuja wote wawili. Mama wakachukua watoto wao, vitu vikatoka kimoja kimoja. Wengine wote walipoisha, Wekesa akasema haya, cucu, banda ni tupu, funga twende.

Nikaangalia beseni. "Sifungi. Kamau wa Njeri hajaondoka."

"Mama yake amekwenda zamani."

"Mama yake anatafuta kuni. Kibuyu chake hiki hapa. Niambie mtoto yuko wapi, Wekesa."

Akajaribu kukaza uso, ukamshinda. Alikuwa amemficha nyumbani kwake makusudi, anamlisha miwa. Akamwita, Kamau akaja anatiririka maji ya miwa mpaka tumboni, akachukua kibuyu chake. Memsahib alitazama beseni, akanitazama mimi, akasema yule msichana anaweza kubaki Nairobi. Akaondoka na haraka zake. Wekesa akaniambia ningemweleza tu njia hii tangu mwanzo. Nilimwambia tangu mwanzo sikuwa najua.

Ningeishia hapo, maana kazi ilibaki na chumba kikabaki. Lakini mmeniuliza kwa nini siku hizi mlango wa banda unalala wazi, na hilo ni la safari hii hii.

Jioni moja watoto walikuwa wamekwenda, Wanjiku ameshatoa kizibo chake, nami nashika mlango nifunge. Nikaona kitu kwenye beseni. Punje ya njahi, yale maharage ya kwetu, nyeusi, na jicho lake jeupe. Asubuhi ile nilikuwa nachagua njahi za kupika, naye Wanjiku alikuwa kando yangu. Nikamuuliza ni ya nani.

"Ya maitu," akasema. Ya mama yake.

Nikauachia mlango. Wekesa alikuwa anapita kwenye zamu yake ya jioni, akaona mlango wazi, akaja kuchungulia kama kawaida yake, tayari na mzaha mdomoni.

"Nani tena hajaenda nyumbani?"

"Nyambura," nikamjibu.

Alimjua. Alikuwepo siku ya lori. Alitazama ile njahi, akavua kofia, akaivaa tena.

"Basi huwezi kufunga," akasema.

"Siwezi."

Akaondoka. Asubuhi nilikuta ameweka jiwe kubwa chini ya mlango, ili upepo usiufunge.